Migogoro ya hataza kuhusu programu za kutambua lugha

Migogoro ya hataza kuhusu programu za kutambua lugha ni mabishano ya kisheria kuhusu umiliki wa mbinu ambazo kompyuta hutumia kutambua kwamba matini fulani imeandikwa kwa lugha gani. Mabishano hayo yalianza kupata uzito katika miaka ya 1990, wakati kampuni na taasisi kadhaa za Marekani zilipopewa hataza za mbinu zinazotegemea kuhesabu herufi au maneno. Wakati huohuo wanasayansi wa vyuo vikuu na waandaaji wa programu huria walikuwa wakitumia mbinu zinazofanana nazo.

Swali kuu ni je, mtu anaweza kumiliki njia ya kuhesabu herufi za lugha ambayo ni mali ya wote? Jibu limetofautiana kati ya nchi na nchi, na hata ndani ya Marekani limebadilika tangu mwaka 1991 hadi leo.

## Jinsi kompyuta inavyotambua lugha

Kompyuta haihitaji kuelewa maana ya matini ili kutambua lugha yake. Kila lugha ina mpangilio wa herufi unaojirudia. Kiswahili kina silabi nyingi zinazoishia kwa irabu, na maneno mafupi kama "ya", "wa", "na" na "kwa" hutokea karibu katika kila sentensi. Kijerumani na Kipolandi vina mafungu ya konsonanti ambayo hayapatikani katika Kiswahili.

Njia mbili za zamani ndizo zinazotajwa sana katika hataza:

* Maneno ya kawaida. Programu hutunza orodha ya maneno yanayotumika mara nyingi katika kila lugha, kisha huangalia ni orodha ipi inayolingana zaidi na matini.
* N-gramu. Programu hukata matini katika vipande vya herufi mbili, tatu au zaidi. Vipande vya herufi tatu huitwa trigramu. Kwa mfano neno "kitabu", likiwekewa alama ya nafasi mwanzoni na mwishoni, lina trigramu sita: _ki, kit, ita, tab, abu na bu_.

Njia hizi zina mizizi ya kale. Mwanazuoni al-Kindi wa Baghdad, katika karne ya 9, alieleza jinsi ya kuvunja maandishi ya siri kwa kuhesabu mara ambazo kila herufi hutokea. Mwaka 1913 mwanahisabati Mrusi Andrey Markov alichunguza mfuatano wa irabu na konsonanti katika kazi ya Pushkin. Mwaka 1948 Claude Shannon alionyesha jinsi mfuatano wa herufi unavyoweza kuelezwa kwa uwezekano wa kihisabati.

## Hataza na hakimiliki

Hataza ni haki inayotolewa na serikali kwa mvumbuzi ili kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza uvumbuzi wake kwa muda maalumu. Badala yake mvumbuzi hulazimika kuueleza uvumbuzi huo hadharani. Kwa mujibu wa mkataba wa TRIPS, ulioanza kutumika mwaka 1995, muda huo haupungui miaka 20 tangu tarehe ya maombi.

Hataza ni tofauti na hakimiliki. Hakimiliki hulinda maandishi ya programu jinsi yalivyoandikwa. Mtu akiandika programu yake mwenyewe bila kunakili ya mwingine, hajavunja hakimiliki hata kama programu hizo mbili zinafanya kazi ileile. Hataza hulinda mbinu yenyewe. Mtu anaweza kuingilia hataza bila kuijua, hata kama alibuni mbinu hiyo peke yake. Kwa sababu hiyo hataza za programu huwatia wasiwasi waandaaji wadogo, ambao hawana wanasheria wa kuwasomea hataza kabla ya kuanza kazi.

Sehemu muhimu ya hataza ni madai, yaani sentensi za mwisho zinazotaja hatua kwa hatua kile kinacholindwa. Jina la hataza linaweza kuonekana pana sana huku madai yake yakiwa finyu.

## Baadhi ya hataza zinazojulikana

### Hataza ya Harris Corporation (1991)

Tarehe 23 Februari 1990 kampuni ya Harris Corporation ya Marekani iliomba hataza ya mbinu ya kutambua lugha kwa trigramu. Mvumbuzi aliyetajwa ni John C. Schmitt. Hataza hiyo, yenye namba 5,062,143, ilitolewa tarehe 29 Oktoba 1991.

Mbinu yake inafanya kazi hivi: kwa kila lugha huandaliwa seti ya trigramu zinazotokea mara nyingi. Matini mpya hukatwa katika trigramu, kisha programu huhesabu ni ngapi zinapatikana katika seti ya kila lugha. Lugha yenye uwiano mkubwa zaidi huchaguliwa, mradi uwiano huo umefikia kiwango kilichowekwa kabla.

Tuseme matini ina trigramu 200, na kiwango kilichowekwa ni asilimia 30. Kama trigramu 70 zinapatikana katika seti ya Kiswahili, uwiano ni asilimia 35. Kama 22 tu zinapatikana katika seti ya Kiingereza, uwiano ni asilimia 11. Programu itajibu kwamba matini ni ya Kiswahili. Lugha zote zikishindwa kufikia asilimia 30, programu haitachagua yoyote.

### Hataza ya NSA (1995)

Marc Damashek, mtafiti wa Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani (NSA), alibuni mbinu ya kulinganisha nyaraka kwa n-gramu ili kuzipanga kwa lugha au kwa mada. Hataza namba 5,418,951 ilitolewa mwaka 1995, na mwaka huohuo Damashek alichapisha makala kuhusu mbinu hiyo katika jarida la *Science*. Hatua moja inaitofautisha na nyingine: kabla ya kulinganisha, programu huondoa sehemu ambayo nyaraka zote zinashirikiana, ili tofauti zao zionekane vizuri zaidi.

### Hataza za IBM na Xerox

IBM ilipata hataza kadhaa katika miaka ya 1990 zinazohusu kutambua lugha kwa orodha za maneno ya kawaida. Mojawapo ni namba 5,548,507 ya mwaka 1996. Xerox na Fuji Xerox zilipata hataza za kutambua lugha kutoka kwenye picha ya ukurasa uliochapwa, kabla herufi zake hazijasomwa na kompyuta, kwa kutazama maumbo ya herufi na maneno.

## Maswali matatu ya kila mgogoro

Mgogoro wa hataza ya programu kwa kawaida huzunguka maswali matatu. Mlalamikiwa akishinda katika swali moja tu kati ya hayo, dai dhidi yake huanguka.

### Je, uvumbuzi ni mpya?

Hataza hutolewa kwa jambo jipya lisilo dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo. Mtu anayepinga hataza hutafuta machapisho yaliyotangulia.

Katika kutambua lugha machapisho hayo yapo. Mwaka 1976 Norman C. Ingle alichapisha jedwali la kutambua lugha kwa kutazama maneno mafupi. Mwaka 1988, katika mkutano wa chama cha wafasiri wa Marekani, Kenneth R. Beesley alieleza programu ya kompyuta inayotambua lugha kwa kukadiria uwezekano wa mifuatano ya herufi, kwa kutumia maarifa ya wavunja maandishi ya siri. Sheria ya Marekani ya wakati huo ilimzuia mtu kupata hataza ya jambo lililochapishwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya maombi. Kwa hiyo chapisho la mwaka 1988 lingeweza kuwekwa mbele dhidi ya ombi la Februari 1990.

Hata hivyo kuwepo kwa chapisho la zamani hakutoshi. Ili kuonyesha kwamba dai si jipya, chapisho moja lazima liwe na hatua zote zilizotajwa katika dai hilo. Kama hatua moja inakosekana, mpingaji hulazimika kuonyesha kwamba kuiongeza kulikuwa dhahiri kwa mtaalamu. Beesley alizungumzia uwezekano wa mfuatano wa herufi, wakati hataza ya Harris inataja seti za trigramu na kiwango cha chini. Katika mapengo ya namna hiyo ndimo wanasheria hubishania.

### Je, programu imeingilia hataza?

Programu huingilia dai pale tu inapofanya kila hatua iliyotajwa ndani yake, au hatua inayolingana nayo. Ikiacha hatua moja, kwa kawaida haijaingilia dai hilo.

Mfano mzuri ni mbinu ya William B. Cavnar na John M. Trenkle, iliyochapishwa mwaka 1994. Wao walitumia n-gramu za urefu mbalimbali, kuanzia herufi moja hadi tano. N-gramu za kila lugha hupangwa kwa mstari, kuanzia inayotokea mara nyingi zaidi. Matini mpya hupangwa vilevile, kisha programu hupima kila n-gramu imehama nafasi ngapi. Kama "wa" ni ya 5 katika orodha ya lugha na ya 8 katika orodha ya matini, umbali wake ni 3. Umbali wote hujumlishwa, na lugha yenye jumla ndogo ndiyo huchaguliwa. Katika jaribio lao la makala za Usenet za lugha nane za Ulaya, mbinu hiyo ilifikia usahihi wa asilimia 99.8.

Ukiiweka kando ya mbinu ya Harris, utaona kwamba zote zinahesabu vipande vya herufi. Lakini Cavnar na Trenkle hawahesabu uwiano wa trigramu zilizopatikana, wala hawahitaji kiwango cha chini. Ukiiweka kando ya mbinu ya NSA, hakuna hatua ya kuondoa sehemu inayoshirikiwa na nyaraka zote. Kwa hiyo kusema kwamba kampuni fulani ina hataza ya n-gramu si sahihi, kwa kuwa kilicholindwa ni mfuatano fulani wa hatua, na n-gramu ni sehemu mojawapo tu ya mfuatano huo.

### Je, jambo hilo linaweza kupewa hataza?

Swali la tatu halijali kama mbinu ni mpya. Linauliza kama jambo la aina hiyo linaruhusiwa kumilikiwa na mtu. Sheria za hataza kwa kawaida haziruhusu kumiliki kanuni za maumbile, hisabati au mawazo matupu.

## Msimamo wa mahakama za Marekani

Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa hataza ya algoriti ya kubadilisha namba katika kesi ya *Gottschalk v. Benson* mwaka 1972. Mwaka 1981, katika *Diamond v. Diehr*, ilikubali hataza ya kuchoma mpira iliyotumia hesabu za kompyuta, kwa kuwa hesabu hizo zilikuwa sehemu ya kazi ya kiwandani. Mwaka 1998 uamuzi wa mahakama ya rufaa katika *State Street Bank v. Signature* ulilegeza masharti, na hataza za programu zikaongezeka.

Mlango ulianza kufungwa tena mwaka 2010 katika *Bilski v. Kappos*, na zaidi tarehe 19 Juni 2014 katika *Alice v. CLS Bank*. Tangu Alice, mahakama hupima kwa hatua mbili. Kwanza huuliza kama dai linahusu wazo la kidhahania. Likiwa hivyo, huuliza kama kuna kitu cha ziada kinacholigeuza kuwa uvumbuzi halisi. Kusema tu "fanya jambo hili kwa kompyuta" hakutoshi.

Maamuzi mawili ya rufaa ya mwaka 2016 yanakaribia sana suala la kutambua lugha. Katika *Electric Power Group v. Alstom* mahakama ilisema kwamba kukusanya taarifa, kuzichambua na kuonyesha matokeo ni wazo la kidhahania. Katika *Intellectual Ventures v. Symantec*, iliyohusu kuchuja baruapepe, ilifananisha mbinu mojawapo na mtu anayetazama bahasha za barua zake na kutupa asizozitaka. Kwa hoja hiyohiyo mpingaji anaweza kusema kwamba karani wa posta anayetazama barua na kutambua kuwa ni ya Kiswahili anafanya kazi ileile ya programu.

Mwenye hataza naye ana la kujibu. Katika *McRO v. Bandai Namco*, pia ya mwaka 2016, mahakama iliikubali hataza ya kuchezesha midomo ya wahusika wa katuni, kwa sababu ilitumia kanuni mahususi ambazo wachoraji hawakuwa wakizifuata walipofanya kazi hiyo kwa mkono. Mwenye hataza ya kutambua lugha anaweza kudai kwamba hakuna karani anayehesabu trigramu kichwani.

Kiwango cha ushahidi pia kina uzito. Katika *Microsoft v. i4i*, kesi ya mwaka 2011 kuhusu programu ya kuhariri nyaraka, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba anayetaka kuibatilisha hataza mahakamani lazima alete ushahidi ulio wazi na wa kushawishi. Sheria iliyopitishwa mwaka huohuo ilianzisha njia nyingine: kuomba ofisi ya hataza yenyewe iipitie upya hataza kwa kuangalia machapisho ya zamani, ambapo kiwango cha ushahidi ni cha chini zaidi.

## Msimamo wa Ulaya

Mkataba wa Hataza wa Ulaya, katika kifungu cha 52, unasema kwamba mbinu za kihisabati na programu za kompyuta zikiwa peke yake si uvumbuzi. Hata hivyo programu inayotatua tatizo la kiufundi inaweza kupewa hataza. Mgogoro basi huhamia kwenye neno "kiufundi".

Mwaka 2014, katika uamuzi T 1358/09, bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikataa ombi lililohusu kupanga nyaraka kwa makundi. Kwa maoni yake, kupanga matini kwa kufuata yaliyomo ndani yake si lazima kuwe lengo la kiufundi. Miongozo ya ofisi hiyo sasa inalitaja lengo la namna hiyo kuwa ni la kiisimu. Hoja hii inagusa moja kwa moja utambuzi wa lugha: mbinu inaweza kuwa mpya na yenye akili nyingi, lakini ikakataliwa kwa kuwa tatizo inalolitatua ni la isimu.

Kabla ya hapo, tarehe 6 Julai 2005, Bunge la Ulaya lilikataa kwa kura 648 dhidi ya 14 pendekezo la agizo kuhusu hataza za programu, baada ya miaka ya upinzani kutoka kwa waandaaji wa programu huria.

## Athari kwa programu huria

Mbinu ya Cavnar na Trenkle ilienea kupitia TextCat, programu iliyoandikwa na Gertjan van Noord wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Baadaye ilitokea libtextcat, na kutoka kwake libexttextcat, ambayo hutumika ndani ya LibreOffice.

Kwa miradi kama hiyo, hataza ni hatari hata pasipo kesi. Msimbo wake uko wazi, hivyo mwenye hataza anaweza kuusoma na kutafuta hatua zinazofanana na madai yake. Waandaaji wake mara nyingi hawalipwi, na gharama za kujitetea mahakamani zinaweza kuwa kubwa kuliko thamani ya mradi mzima. Barua moja ya onyo yaweza kutosha kumfanya mtu aondoe programu yake mtandaoni, hata kama angeshinda kesi. Wanaoumia kwanza ni wasemaji wa lugha ndogo, kwa kuwa zana za lugha hizo mara nyingi hutengenezwa na watu wa kujitolea.

Leseni za programu huria zimejaribu kupunguza hatari hiyo. Leseni ya Apache 2.0 ya mwaka 2004 humpa mtumiaji ruhusa ya hataza za wachangiaji zinazohusu mchango wao, na humwondolea ruhusa hiyo anayefungua kesi ya hataza dhidi ya programu husika. GPL toleo la 3, ya mwaka 2007, ina masharti yanayokaribiana na hayo. Lakini leseni huwafunga wachangiaji tu. Haimzuii mtu wa nje ambaye hakuchangia chochote.

## Afrika Mashariki

Hataza hufanya kazi ndani ya nchi iliyoitoa. Hataza ya Marekani haimzuii mwanafunzi wa Dodoma au Kisumu kuandika na kutumia programu ya kutambua lugha nchini mwake. Hali hubadilika pale programu hiyo inapouzwa au kutumika Marekani.

Nchini Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 2001 haihesabu mbinu za kihisabati wala kazi za akili tupu kuwa uvumbuzi, na maombi hushughulikiwa na taasisi ya KIPI. Tanzania Bara hutumia sheria ya hataza ya mwaka 1987 chini ya BRELA, wakati Zanzibar ina sheria na ofisi yake. Mwombaji anaweza pia kupitia ARIPO, shirika la kikanda lenye makao yake Harare, na kutaja nchi anazotaka kupata ulinzi, zikiwemo Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda.

## Hali ya sasa

Hataza za kwanza zimekwisha muda wake. Ile ya Harris, hata kama ada zake zote zililipwa, haikuweza kudumu baada ya Februari 2010, miaka 20 tangu maombi. Mbinu iliyoelezwa humo sasa ni mali ya umma, na maelezo yake bado yanaweza kusomwa na yeyote anayejifunza fani hii.

Zana mpya kama langid.py na fastText hutumia mbinu za kujifunza kwa mashine. Mfumo mmoja wa fastText hutambua lugha 176, Kiswahili kikiwemo. Hata hivyo nyingi kati ya zana hizo bado huanza kwa kukata matini katika vipande vya herufi, jambo ambalo sasa lina historia ndefu ya machapisho. Kwa sababu hiyo mabishano mapya hayahusu tena kuhesabu herufi kwenyewe. Yanahusu yale yanayoongezwa juu yake: kutambua lugha ya ujumbe mfupi sana, kutenganisha lugha zinazokaribiana, au kugundua mahali ambapo mwandishi amechanganya lugha mbili katika sentensi moja.